Fulana ya Kimathi Isiyo na Pingu

Siku chache kabla ya sikukuu ya Mashujaa nilipanda ngazi za jengo moja la katikati ya jiji la Nairobi hadi kwenye duka dogo linalochapisha fulana, vikombe na picha za kutundika ukutani, nikanunua vitu vitatu vyenye sura ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopambana na wakoloni Waingereza nchini Kenya: fulana nyeusi kwa shilingi 1,200, picha iliyotiwa fremu kwa shilingi 2,800, na kikombe kwa shilingi 600. Nimevitumia kwa miezi kadhaa sasa, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayefikiria kununua bidhaa za aina hii, ambazo katika majuma ya Oktoba hujaa kila kona ya jiji. Duka sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza si zake peke yake. Nimeziona kwa wachuuzi wengine pia.

Nianze na nguo yenyewe. Kitambaa ni pamba nzito ya kutosha, hakionyeshi mwili hata juani, na kola haijalegea baada ya kufuliwa zaidi ya mara kumi. Mishono ya mabegani ni imara, ingawa ule wa pindo la chini ulianza kufumuka upande mmoja nikalazimika kuushona kwa mkono. Saizi ni ndogo kuliko inavyoandikwa, kwa hiyo anayevaa ya kati na achukue kubwa. Rangi ya picha, ambayo imebandikwa kwa mashine ya joto, ilipasuka nyufa nyembamba kifuani baada ya kufuliwa mara ya nne, na tangu hapo ninaigeuza ndani nje kabla ya kuifua na kuianika kivulini. Kwa bei hiyo ningetarajia rangi iliyopitishwa kwenye wavu, ambayo huingia katika uzi na kudumu. Haya ni mambo ya kawaida ya fulana, na kama ningekuwa nimenunua fulana ya maua ningeishia hapa.

Lakini fulana hii haina maua. Mbele yake kuna uso wa Kimathi, weupe juu ya weusi, nywele zilizosokotana zikitawanyika pande zote, macho yakitazama juu, na chini ya kidevu picha inakatika ghafla kwa mstari ulionyooka. Kazi ya mchoraji wa duka ni safi. Ameondoa vivuli vya kati akabakiza giza na mwanga tu, na kwa mbinu hiyo macho yamepata nguvu ambayo huiona hata mtu aliye ng'ambo ya barabara. Watu watatu tofauti wamenisimamisha njiani kuniuliza nilikoipata. Hakuna aliyeniuliza kwa nini mtu huyu anatazama juu.

Anatazama juu kwa sababu amelala. Picha iliyotumika ni ile maarufu kuliko zote, iliyopigwa baada ya kukamatwa kwake tarehe 21 Oktoba 1956 katika eneo la Tetu, Nyeri, alipopigwa risasi na askari wa akiba, Ndirangu Mau, akiwa amevaa vazi la ngozi ya chui. Kimathi yupo kwenye machela, amejeruhiwa, mikono ina pingu, na waliosimama juu yake na kamera ni watu wa upande wa waliomwinda msituni kwa miaka minne. Serikali ya kikoloni iliichapisha sura yake hiyo kwenye makaratasi kwa maelfu na kuyasambaza, ili wapiganaji waliobaki na wananchi waliokuwa wakiwalisha waelewe kwamba vita vimekwisha. Kwa maneno mengine, sura tunayoivaa kifuani kwa fahari ilitengenezwa kwa lengo la kutukatisha tamaa. Hili ndilo jambo ambalo kila bidhaa ya Kimathi inapaswa kulikabili kwa njia moja au nyingine, na ndilo ninalolitumia hapa kama kipimo.

Sikulifikiria kwa uzito mpaka nilipomtembelea shosho, nyanya yangu, huko Nyeri nikiwa nimeivaa. Wakati wa Hali ya Hatari, ile amri ya kikoloni iliyotangazwa ili kuwazima Mau Mau, alikuwa msichana mdogo ndani ya kijiji kilichozungushiwa mtaro na miti iliyochongwa ncha, na karatasi ile aliiona mikononi mwa watu wazima. Alinivuta karibu na dirisha, akaweka kidole kwenye ule mstari ulionyooka chini ya kidevu, akauliza, "Pingu ziko wapi?" Nikamwambia, "Shosho, mwenye duka amezikata ili picha ipendeze." Akanyamaza kidogo, akasema, "Sisi tuliziona. Walitaka tuzione." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiilinganisha fulana yangu na ile fulana nyingine ya kimapinduzi ambayo dunia nzima inaijua, ya Che Guevara. Picha ile ilipigwa na Alberto Korda tarehe 5 Machi 1960 jijini Havana, katika mkutano wa kuwaomboleza waliouawa na mlipuko wa meli ya La Coubre. Korda alikuwa upande wa mapinduzi na alimtazama Che kutoka chini, jinsi mtu anavyomtazama anayemheshimu. Picha yake ya kwanza ilikuwa na sura ya mtu mwingine ubavuni na majani ya mnazi upande wa pili. Alipozikata pembeni hizo, hakuondoa lolote lililohusu hali ya Che mwenyewe. Miaka minane baadaye mchoraji Jim Fitzpatrick wa Ireland aliigeuza kuwa mchoro wa rangi chache, na huo ndio uliopanda kwenye mabango na mavazi ya kila nchi. Ipo pia picha nyingine ya Che, iliyopigwa na Freddy Alborta mwezi Oktoba 1967 kule Vallegrande, Bolivia, ikionyesha maiti yake imelazwa mbele ya wanajeshi na waandishi wa habari. Hiyo nayo ilitolewa kwa nia ileile ya kuthibitisha kwamba mambo yamekwisha, na ni nadra kumwona mtu ameivaa. Wapenzi wa Che walikuwa na nafasi ya kuchagua kati ya picha ya rafiki na picha ya adui. Sisi kwa Kimathi tulirithi hasa picha ya adui, tukaifanya yetu.

Na tuliifanya yetu kwa haki. Makaratasi yale yalikusudiwa kuonyesha mnyama aliyenaswa, lakini macho hayakutii kusudi hilo; watu waliyatazama wakaona mtu aliyeumizwa ambaye bado hajaomba radhi. Nguvu hiyo yote inatokana na kuvionyesha vitu viwili kwa pamoja, pingu mikononi na macho yasiyoinama. Ukizikata pingu unabaki na kijana mwenye nywele ndefu anayetazama angani kama msanii kwenye jalada la muziki, na mtoto wa leo ambaye hajafundishwa atakuwa na haki ya kudhani kwamba ni mwimbaji wa rege. Mwenye duka, nilipomweleza hili, alijibu kwa upole kwamba wateja wanamtaka Kimathi akiwa shujaa, hawamtaki akiwa mfungwa. Ninaielewa hoja yake. Ndiyo hoja iliyo pia nyuma ya ile sanamu ya shaba iliyosimama Barabara ya Kimathi, pale inapokutana na Barabara ya Mama Ngina, ambayo Rais Mwai Kibaki aliizindua tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake katika gereza la Kamiti. Mchongaji Kevin Oduor amemsimamisha wima akiwa na sare, bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine, na kwa kuwa sanamu ni kazi mpya iliyotoka mikononi mwa Mkenya, ana uhuru wa kumwinua kutoka kwenye machela. Ninapopita pale jioni, watu wakiwa wamekaa kwenye ukingo wakisubiriana, huwa ninahisi kwamba amerudishiwa kimo chake. Fulana haikumchonga upya. Ilichukua ushahidi uliopo ikauficha nusu yake, na hapo ndipo ninapotofautiana nayo.

Mgongoni kuna maandishi: afadhali kufa umesimama kuliko kuishi umepiga magoti, na chini yake jina la Kimathi. Herufi zimepangwa vizuri na hazijapasuka. Maneno hayo yanatajwa sana Kenya kuwa yake, na huenda ndiyo yanayouza fulana nyingi kuliko uso wenyewe, lakini mnunuzi ajue kwamba Mexico yanahesabiwa kuwa ya mwanamapinduzi Emiliano Zapata, aliyeuawa mwaka 1919 Kimathi akiwa hajazaliwa, na kwamba Dolores Ibárruri, kiongozi wa kikomunisti wa Uhispania, aliyatamka hadharani mwaka 1936. Kauli inaweza kusafiri kutoka mapambano moja hadi mengine bila mtu yeyote kuiba. Kinachonisumbua ni kwamba Kimathi alikuwa mtu wa maandishi kuliko viongozi wengi wa msituni. Kabla ya vita aliwahi kuwa mwalimu na katibu wa chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union) huko Ol Kalou. Msituni alisisitiza kumbukumbu ziandikwe, majina yaorodheshwe, barua zitumwe, na mwaka 1954 akawekwa kuwa kiongozi wa chombo walichokiita Bunge la Kenya. Sehemu ya makaratasi hayo ilitekwa, ikahifadhiwa, na baadaye ikachapishwa vitabuni. Mtu aliyeacha maneno mengi kiasi hicho asingekosa sentensi yake mwenyewe ya kuwekwa mgongoni mwa fulana.

Sasa picha ya fremu, ambayo ndiyo ghali zaidi na ndiyo iliyonivunja moyo zaidi. Ni mchoro wa rangi, unamwonyesha Kimathi nusu ya mwili, Mlima Kenya ukiwa nyuma yake, anga jekundu la alfajiri, ngozi ya chui begani. Mchoraji ana mkono mzuri. Nywele amezichora uzi kwa uzi, na ngozi ya chui ina uzito unaotaka kuugusa. Fremu ni ya mbao halisi, kioo kimekaa sawa, kamba ya kutundikia ni imara. Lakini mikononi mwa Kimathi ameweka bunduki ya AK-47, na magazini yake iliyopinda inang'aa katikati kabisa ya picha, mahali ambapo jicho linatua kwanza.

Wapiganaji wa Mau Mau hawakuwa na bunduki hiyo. Hawakuwa na nchi rafiki ng'ambo ya mpaka iliyowapelekea silaha, tofauti na harakati nyingi za ukombozi zilizofuata kusini mwa Afrika, na upweke huo ni sehemu kubwa ya historia yao. Walipigana kwa mapanga, kwa bunduki chache walizoteka au kuiba, na kwa magobore waliyoyaunda wenyewe kwa bomba la maji, kipande cha mbao, komeo la mlango na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari. Gobore la namna hiyo liliweza kumlipukia mpigaji badala ya adui, naye alijua hivyo alipolishika. Fikiria picha ambayo ingemwonyesha Kimathi na silaha ile, komeo la mlango likionekana wazi mahali pa kufyatulia! Ingesema mengi kuhusu ujasiri kuliko chuma chochote cha kisasa, na hakuna nchi nyingine ambayo ingeweza kudai kuwa picha ni yake. AK-47 imemfanya Kimathi afanane na mpiganaji yeyote wa bango lolote.

Kosa hilo linauma zaidi mtu akikumbuka kesi yenyewe. Mahakama iliyokaa Nyeri mwezi Novemba 1956, chini ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, haikumhukumu kwa kuongoza vita. Ilimhukumu kwa kukutwa na bastola na risasi zake, kosa ambalo chini ya sheria za Hali ya Hatari lilitosha kumnyonga mtu. Silaha katika mkono wa Kimathi si pambo, basi. Ndiyo shtaka lililomuua. Mchoraji anayeichora ana wajibu wa kujua ni silaha gani.

Nilipokuwa nikiitazama picha hii nyumbani nilikumbuka kwamba jukwaani ubishi wa namna hii ulishafanyika, tena na watu waliojua wanachobishania. Mwaka 1974 Kenneth Watene alichapisha tamthilia iliyomwonyesha Kimathi mwenye mashaka na hofu ya kusalitiwa, kiongozi anayeteketea kwa ndani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na marehemu Micere Githae Mugo hawakuridhika na picha ya namna hiyo, na tamthilia yao ilipochezwa katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo mwaka 1976 ilikuwa na Kimathi mwingine kabisa, sauti ya wakulima na wafanyakazi, huku mwanamke asiye na jina akibeba sehemu kubwa ya mapambano. Tafsiri yake ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ilifuata mwaka 1978. Mimi ninaipenda zaidi hii ya pili, na sifichi, lakini ninachokiheshimu kwa zote mbili ni kwamba kila mwandishi alichagua kwa kujua. Hawa walimbadilisha Kimathi kwa sababu walikuwa na jambo la kusema juu yake. Picha yangu ya fremu imembadilisha kwa sababu bunduki ile ilikuwa ya kwanza kupatikana mtandaoni.

Kikombe hakihitaji maneno mengi. Ni kizito, hakipashi mkono moto, sura ni ileile ya fulana bila pingu, na imeanza kufifia upande ninaousugua. Anayetaka zawadi ya ofisini atatosheka nacho.

Jambo moja nililitafuta kwenye rafu zote za duka nisilipate: mwanamke. Muthoni wa Kirima aliingia msituni, akapanda hadi cheo cha Fildi Mashali, na nywele alizozifuga tangu enzi hizo hazikukatwa mpaka Aprili 2022, zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya. Alifariki mwaka uliofuata. Kama nywele ndizo zinazouza fulana, basi kulikuwa na kichwa kingine chenye nywele zenye historia hiyohiyo, kilichoishi miongoni mwetu miaka yote hiyo tukiweza kumwendea na kumwomba ruhusa ya kumpiga picha akiwa amesimama, akitutazama anavyotaka yeye. Mukami, mjane wa Kimathi, aliyefariki mwezi Mei 2023 bila kukabidhiwa mabaki ya mumewe ayazike, naye sikumwona popote. Kule Uhuru Park ipo kumbukumbu ya wahanga wa mateso ya ukoloni, iliyozinduliwa Septemba 2015, ambamo mwanamke anampa mpiganaji chakula huku kila mmoja amegeuza uso pembeni, ili asije akamtaja mwenzake akikamatwa na kuteswa. Mchoraji yeyote wa fulana anaweza kwenda kuitazama bila kiingilio, na ninamsihi aende.

Kuhusu huduma, sina malalamiko. Mhudumu alinipokea vizuri, alinipa risiti bila kuombwa, alinibadilishia fulana ya saizi ndogo kwa kubwa siku iliyofuata, na picha ya fremu ilifungwa kwa karatasi nene ikafika nyumbani bila kioo kupasuka. Kama swali ni bidhaa ipi ya kununua, ningesema fulana ichukuliwe kwa ajili ya kitambaa na yale macho, kikombe mtu aamue mwenyewe, na picha ya fremu isinunuliwe mpaka mchoraji atakapoirekebisha.

Wiki iliyopita nilirudi pale nikiwa na nakala ya picha nzima, ile yenye machela na pingu. Mwenye duka aliitandaza mezani akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza iwapo nina hakika kwamba watu watavaa. Nikamwambia kwamba mmoja ninaye tayari, na ana miaka karibu 80. Alisema hachapishi muundo mpya chini ya fulana sita, kwa rangi ya kupitisha kwenye wavu, shilingi 1,400 kila moja, nusu ilipwe kabla. Nimelipia sita.